Chumba Kilichoomba Hewa

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Februari, saa nane na dakika kumi mchana, chumba cha mafaili cha ghorofa ya tatu kilipoanza kuomba hewa.

Mume wangu ndiye fundi wa viyoyozi wa jengo lile. Ili umeme usipotee bure, alifunga katika kila chumba, hata kibanda cha getini, kidude kinachohisi unyevu wa pumzi na kuhesabu watu. Penye mtu, tundu la hewa hufunguka. Pasipo mtu, hujifunga. Chumba cha mafaili kilikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Hata hivyo skrini ya mitambo ilionyesha: mtu mmoja.

Alimshuku kaka yangu, mlinzi wa getini.

"Shemeji, siku hizi unalala kwenye mafaili?"

"Nimepitia wapi, tundu la ufunguo? Na tumbo hili?"

Walicheka, lakini mume wangu hakuridhika. Siku ya tatu skrini ilionyesha wanne. Wakapanda pamoja, wakafungua. Hapakuwa na mtu. Kuta zilikuwa zinatoka jasho, karatasi zimelainika, harufu ni ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Na nyuma ya makabati, polepole, kama mgonjwa anayejizuia asisikike, kitu kilivuta pumzi, kikaishikilia, kikaishikilia, wala hakikuitoa.

"Kiachie hewa yake," kaka alinong'ona. "Kikinyimwa hapa kitatafuta kwingine."

"Kidude kimeharibika tu. Au ni wewe na vituko vyako."

Kaka alirudi getini. Mume wangu akaliziba tundu, akakaza skrubu.

Aliporudi kwenye skrini, hesabu ilikuwa inashuka: watatu, wawili, mmoja, sifuri. Akafurahi. Kisha akaona kibanda cha getini nacho kinasoma sifuri. Akasema moyoni, leo nimemkamata, ametoroka lindo. Akashuka kwenda kumgombeza.

Kaka yangu alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi, midomo imekauka kama majani ya kiangazi. Kola ya shati ilikuwa imelowa chepechepe.

Sasa tundu la ghorofa ya tatu halifungwi. Mkubwa wa jengo analalamikia umeme, mume wangu hujibu, "Mitambo imezeeka, bosi." Hamwambii kwamba chumba kile, kisicho na mtu, siku hizi kinasoma watano.

Ee Mola, mrehemu kaka yangu. Kama yumo mle, mtoe. Mpanulie kaburi lake, umjaalie hewa tuliyomnyima. Amina.