Hali ya Mwenzako

Mchana huo hekalu la Singasinga pale Makindu lilikuwa limejaa madereva wa malori na abiria wa mabasi mawili ya Mombasa. Chakula ni bure na hakuna anayekuuliza kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa.

Wacuka alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe na kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa fundi wa nguo sokoni, mwenye miaka thelathini na sita, na alikuwa amechoka kusikiliza wanaume. Jamaa mrefu akaketi mbele yake na sahani ya chapati na dengu. Wacuka akaona miguu yake.

"Kaka, hizo kucha umepaka rangi nyeusi ama zinaoza?"

Jamaa akacheka, dengu nusura zimpalie. "Ni mlima, dada. Ukishuka na kilo ishirini mgongoni, vidole vinagonga kiatu siku nzima. Kucha zinakufa, zinaota zingine."

"Mlima gani hapa Makindu?"

"Mlima Kenya. Hapa nakuja kupumzika tu."

"Na unalipwa kwenda mahali kucha zinakufa?"

"Vibaya sana."

Aliitwa Munyao, mtu wa Nuu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amewabebea mizigo wapanda mlima. Baina ya safari alilala kwa Kaveke, mbebaji mwenzake, nyuma ya kituo cha mafuta. Kesho yake alimpelekea Wacuka jaketi jekundu lililoraruka, manyoya ya bata yakajaa duka zima mpaka kwenye chai. Wiki iliyofuata akapeleka hema. Wiki ya tatu hakuwa na kitu kilichoraruka. Akaenda hivyo hivyo.

Akiwa mlimani alipiga simu kutoka kwenye jiwe moja ambapo mtandao ulishika.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe?"

"Ugali wa baridi kama jiwe."

Kaveke akapaza sauti kando yake: "Shemeji, huyu mtu anakutaja usingizini! Hema lote hatulali!"

"Mnyamazishe huyo," Wacuka alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Mwezi wa kumi wajomba wa Wacuka, Gathua na Kanyi, walikubali kutoka Murang'a kuja Makindu kumwona Munyao. Siku ilikuwa Jumamosi.

"Usiniaibishe," Wacuka alimwambia.

"Ijumaa jioni niko Makindu. Na Kaveke amenunua suti."

Kikosi cha Munyao kilikuwa na desturi moja. Wabebaji walitembea wawili wawili, na kila jioni kiongozi, mzee Nthiwa, hakumuuliza mtu hali yake. Alimuuliza hali ya mwenzake, maana mtu akiumwa na kichwa huko juu hudanganya ili asirudishwe. Ukisema mwenzako ni mgonjwa, kikosi kizima kinasimama na nyinyi wawili mnateremka pole pole, na humwachi hospitalini mpaka ndugu zake wafike.

Jumatano jioni, kwenye kambi ya juu kabisa, Kaveke alilala hemani bila kula. Alikuwa anakohoa. Munyao alimmulika na tochi, akaona midomo imekuwa ya samawati. Alijua maana yake. Akapiga hesabu ya siku, akaona Jumamosi imepotea.

"Kaveke je?" Nthiwa aliuliza kwenye moto.

"Yuko sawa," Munyao akasema.

Alhamisi asubuhi Kaveke hakuweza kusimama. Povu lenye damu lilimtoka mdomoni. Walimteremsha kwa machela kutwa nzima, watu sita wakipokezana. Munyao alikataa kupokewa.

Jumamosi Wacuka alivaa gauni jipya la zambarau. Wajomba walikula, wakatazama saa, wakala tena. Simu ya Munyao ilikuwa imezimwa. Saa kumi Gathua akasimama, akavaa kofia.

"Mtu wako wa mlima ameteleza," alisema.

Wiki sita zikapita. Wacuka aliamini kwamba Munyao alikuwa na mke mahali. Halafu Mumbua, mke wa Kaveke, aliyekuwa akimuuguza mumewe hospitalini muda wote huo, akaleta suti ipunguzwe.

"Mume wangu amekonda. Alipona kwa bahati, lakini kukosa hewa kulimpooza mkono wa kushoto. Kama si Munyao kumbeba, ningekuwa mjane. Hakukuambia?"

Mumbua alimwambia Munyao yuko kwao Nuu, na Wacuka akafunga duka. Alifika Nuu kwa bodaboda siku ya pili, vumbi mpaka kwenye kope. Munyao alikuwa anatengeneza boma la mbuzi la mama yake.

"Ungesema simu iliisha chaji," Wacuka alisema. "Ningeamini."

"Haikuisha. Niliizima."

"Kwa nini? Mumbua anasema wewe ni shujaa."

Munyao aliketi chini. Akamweleza yote, midomo ya samawati na jibu alilotoa. "Nilitaka kufika Jumamosi. Kila nikitaka kukupigia nasikia kile kikohozi."

"Kwa hivyo ni mimi niliyemlemaza mkono."

"Sijasema hivyo."

"Umekaa wiki sita ukisema hivyo! Mimi nilikuita Jumamosi, Munyao. Sikukuambia uache mtu afe." Alipangusa uso kwa kanga. "Kaveke anajua?"

"Hajui. Ananishukuru kila siku kwa simu ya mama."

"Mpigie."

"Wacuka, mpenzi..."

"Mpigie sasa, nikisikia. La sivyo, narudi na hii bodaboda na hunioni tena."

Aliichukua simu ya mama, akapiga. Alisema bila kuzunguka, akiangalia udongo. Upande wa pili Kaveke alizima redio.

"Mkono wangu haushiki kikombe," Kaveke alisema.

"Najua, ndugu."

"Hujui kitu. Kesho uje hapa unifunge vifungo vya shati. Na kesho kutwa. Nitakutukana ukiwa karibu, simu inakula pesa."

Akakata.

Munyao alifunika uso kwa mikono, akalia. Wacuka aliketi kando yake kwenye vumbi na gauni lake zuri. Hakumshika. Walikaa hivyo hadi mwenye bodaboda akapiga honi.

"Utarudi mlimani?" Wacuka aliuliza.

"Sijui kazi nyingine."

"Basi wajomba nitawaita tena mwezi wa nne." Alisimama, akajikung'uta. "Mtu akiugua huko juu, useme. Ukichelewa, watakula bila wewe."

"Na wakikasirika waende?"

"Nitawaita tena. Nimechoka, lakini nitawaita. Chukua viatu, twende. Kuna mtu anangoja vifungo."