Masizi Kwenye Mashuka ya Zahanati

Hakuna aliyemwita Chiriku kwa jina alilopewa alipozaliwa. Alianza kusema mapema kuliko watoto wote wa mtaa ule, na tangu siku hiyo hajanyamaza, kwa hiyo jina la ndege yule mpiga kelele likamganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule alikuwa na kazi moja: kuwasha mkaa wa pasi.

Mama yake alikuwa dobi. Mteja wake mkubwa alikuwa zahanati ya jirani. Mama aliamka alfajiri, akafua mashuka meupe, akayaanika uani kwenye kamba nne, kisha akabeba kapu kwenda zahanati kuchukua machafu. Nyuma yake Chiriku aliwasha jiko, ili mama akirudi ayakute makaa mekundu, ayatie kwenye pasi yake nzito ya chuma, na kuanza kunyoosha mashuka ya jana.

Mama alimfundisha vizuri. Chini weka maranda ya seremala, juu yake vijiti, juu ya vijiti mkaa, kisha pepea na usiwe na haraka. Lakini Chiriku na subira walikuwa hawajuani hata kwa salamu. Siku moja rafiki yake wa darasani alimwonyesha njia ya mkato: chukua mfuko wa plastiki, uukunje, uuchomeke katikati ya mkaa, washa kiberiti. Moto unakubali hapo hapo. Mifuko ilijaa mitaani, haina mwenyewe. Chiriku hata alijisifu moyoni kwamba anasaidia kusafisha mtaa.

Muda aliouokoa aliutumia kwa hotuba. Mwalimu wa sayansi alikuwa amemchagua azungumze mbele ya wazazi Siku ya Mazingira, na tangu achaguliwe nyumba nzima haikupumua.

“Ndugu wazazi! Dunia inaungua!” alihutubia mashuka. “Barafu inayeyuka! Bahari zinapanda! Na sisi tumekaa kimya!”

Pale miguuni mwake plastiki iliyeyuka ikidondosha matone ya moto, na moshi mweusi ukapanda. Chiriku alikohoa, akahamia upande wa pili wa jiko, akaendelea kuanzia kwenye barafu.

Mtu pekee aliyethubutu kuitania hotuba ile alikuwa kaka yake mama, fundi wa pikipiki mwenye gereji nyuma ya ukuta wa uani. Watu wote walimwita Mjomba Spana. Kila siku saa kumi aliingia kunywa chai, mikono imejaa grisi, kikombe chake cha bati kikimngoja.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, Bi Tabianchi! Dunia inakwisha saa ngapi leo? Nijue kama nimalizie injini ya watu au nikalale.”

“Mjomba, huu si mzaha. Wanasayansi wamepima. Joto linapanda.”

“Kupima sikatai, mwanangu. Mimi mwenyewe nakula kwa kupima. Ila tangu niko darasa la tatu natishwa. Mara jangwa linakuja, mara bahari inakuja. Masikio yameota sugu. Mtaro mbele ya gereji umeziba miezi mitatu, mbu wanatula, na hakuna aliyeuandikia hotuba. Anza na mtaro, halafu tuje kwenye barafu.”

“Na wewe unachoma matambara ya grisi kwenye pipa kila jioni!”

Mjomba Spana alicheka, akajikuna kichwa, akaomba sukari.

Jumatatu moja mama alirudi kutoka zahanati na kapu zito kuliko kawaida. Mashuka aliyoyapeleka yalikuwa yamerudishwa. Aliyatandaza mezani, na Chiriku akaona: vidoa vyeusi, vingine kama punje za ufuta, vingine virefu kama nyuzi. Mama alikipitishia kimoja kidole, kikajipaka shukani kama mafuta.

“Mara ya pili hii,” mama alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. “Muuguzi mkuu ameniambia bila kuficha. Mgonjwa mwenye kidonda halazwi juu ya masizi. Yakirudi tena hivi, kazi atapewa dobi mwingine. Na bwana afya atapita Alhamisi kuangalia moshi unatoka wapi.”

Chiriku alitaka kusema kitu juu ya upepo na ukame. Lakini mama alikuwa ameshageukia ukuta wa gereji.

Mjomba Spana alipoingia kwa chai, hakupewa kiti.

“Kaka, pipa lako linaniua.”

“Dada, mimi nachoma jioni, mashuka yako yakiwa kabatini. Asubuhi sijawahi kuwasha hata sigara.”

“Basi masizi yanatoka mbinguni?”

“Sijui. Lakini fundi hakisii.” Aliweka kikombe chini. “Kesho tundika vitambaa vyeupe vibichi. Vitatu kwenye ukuta wangu, vitatu huku jikoni kwako. Vitakavyochafuka zaidi vitatuambia. Na usinikasirikie kabla ya majibu, kwa sababu wakati mwingine kikulacho ki nguoni mwako.”

Vitambaa vitatu jikoni! Ndipo kwa mara ya kwanza Chiriku alipouona akilini moshi wake mwenyewe, ukipanda, ukigeuka kule kwenye kamba.

Asubuhi ya pili yake alisimama mbele ya jiko akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Aliutazama. Akautazama ukuta wa gereji. Kisha akauficha mfuko chini ya gunia, akachukua maranda na vijiti, akapepea mpaka mkono ukamuuma. Alijiambia kwamba anafanya jambo jema, kwani si ameacha plastiki? Ila moyoni alijua sababu yake nyingine, na sababu hiyo haikuwa njema hata kidogo.

Mama aliporudi alikagua vitambaa kimoja kimoja. Vyote sita vilikuwa vyeupe. Chiriku alifurahi kwa muda wa pumzi moja tu.

“Unaona?” mama alimwita kaka yake. “Wiki nzima masizi, leo hakuna! Kwa nini? Kwa sababu ulijua tunapima!”

“Dada, naapa...”

“Usiape. Bwana afya akija nitamwonyesha pipa lako. Akiifunga gereji, usinilaumu.”

Mjomba Spana aliondoka taratibu, kichwa chini, na saa kumi hakuja. Wala siku iliyofuata hakuja. Kikombe cha bati kilibaki rafuni kimefunikwa. Ng'ambo ya ukuta spana zilisikika zikigonga chuma, lakini ule mluzi aliouzoea kupiga akifanya kazi haukuwepo. Mashuka yalikuwa safi siku zote mbili, na kila yalivyokuwa safi, mama alizidi kuamini kwamba kaka yake ni mwongo.

Chiriku alikosa usingizi na alikosa maneno. Fikiria, Chiriku kukosa maneno! Alipofanya mazoezi darasani alifika kwenye “sisi tumekaa kimya” akakwama. Mwalimu wa sayansi alimngojea.

“Umesahau?”

“Hapana, mwalimu. Ila, hivi mtu akiwa anasema dunia inaungua, na yeye ndiye mwenye kiberiti?”

Mwalimu alimtazama kwa makini lakini hakumdadisi. “Joto kupanda ni kweli, tumelipima, na anayelidharau anakosea,” alisema. “Lakini mwenye kiberiti akitaka kusikilizwa, aanze kwa kukizima.”

Alhamisi Chiriku alitoka shuleni akiwa karibu anakimbia. Hakuingia ndani. Alipita kwanza gerejini.

“Shikamoo, mjomba. Njoo nyumbani, tafadhali. Tupime tena.”

“Nimeshapimwa nikaanguka,” alisema Mjomba Spana bila kuinua uso.

“Si wewe unayepimwa.”

Alimvuta kwa mkono wenye grisi mpaka uani, mbele ya mama aliyekuwa akianua nguo. Akautoa ule mfuko chini ya gunia.

“Mama, masizi ni yangu. Mimi huwa nawashia mkaa kwa plastiki ukiwa umekwenda zahanati. Siku ya vitambaa niliogopa, nikatumia maranda. Mjomba hakuchoma kitu. Niliona unamsingizia, nikanyamaza.”

Mama alibaki na shuka mkononi. Chiriku hakusubiri kuulizwa zaidi, kwa kuwa alijua akisubiri atalia. Aliuchomeka mfuko kwenye mkaa, akawasha, akashika kitambaa kibichi kwa koleo upande ule moshi ulikoelekea. Haikuchukua hata dakika. Nyuzi nyeusi zilielea, zikatua moja moja kwenye kitambaa, ndefu na fupi, vile vile kama zile za kwenye mashuka. Mjomba Spana alichukua ndoo ya maji akaumwagia moto.

“Umeshaeleweka,” alisema. “Usitumalizie mapafu.”

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na hasira, na ilionekana, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia.

“Plastiki ningeisamehe leo leo,” alimwambia Chiriku. “Utoto una haraka zake. Lakini umeniacha siku mbili nimpige mjomba wako kwa maneno, na wewe unatazama! Hilo limeniuma.” Kisha akamgeukia kaka yake. “Kaka, na mimi nimekukosea. Nilihukumu kabla ya kuuliza nyumbani kwangu. Nisamehe.”

“Nisipokusamehe nitanywea wapi chai?” Mjomba Spana alijibu, na wote watatu wakacheka, kila mmoja akifuta pua kivyake. Halafu fundi akawa mpole ghafla. “Ila msinifanye malaika. Moshi wa pipa langu haukutua kwenye mashuka, lakini umetua mahali. Yule bibi wa nyumba ya nyuma hufunga madirisha kila jioni nikiwasha. Naona, najifanya sioni.”

Bwana afya alipofika jioni ile, hakuna aliyenyooshewa kidole. Chiriku alimweleza ya plastiki, mjomba akamweleza ya pipa. Bwana afya aliandika, akawaonya wote wawili, akasema atarudi mwisho wa mwezi kuona kama maneno yao yana miguu.

Kabla giza halijaingia Mjomba Spana alirudi na kopo kubwa la maziwa ya unga, tupu. Alitoboa matundu pembeni, akaondoa kitako, akatia wavu wa waya katikati na mpini wa chuma ubavuni. Mkaa juu, maranda chini, kiberiti kimoja. Hewa ilivutwa na kopo lenyewe, na kabla Chiriku hajafikiria kupepea, mkaa ulikuwa umeshika.

“Haraka bila plastiki,” alisema mjomba akijipiga kifua. “Dunia ikikwisha, angalau pasi itakuwa na moto.”

Ijumaa, Siku ya Mazingira, ukumbi wa shule ulijaa. Chiriku alipanda jukwaani bila karatasi. “Ndugu wazazi,” alianza, “nilitaka kuwaambia kwamba dunia inaungua. Naomba kwanza niwaambie nilichokuwa nachoma mimi.” Akaeleza yote, mashuka, vitambaa, na mjomba aliyesingiziwa. Watu walicheka mahali pa kucheka, wakanyamaza mahali pa kunyamaza. Alipomaliza, mama mmoja nyuma kabisa aliuliza kwa sauti hilo kopo linatengenezwaje. Mjomba Spana, aliyekuja na shati safi kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasimama kumjibu.

Jumamosi muuguzi mkuu alilipokea kapu. Alifunua shuka la juu, la katikati na la chini. Alipitisha kiganja, akakitazama kiganja.

“Haya ndiyo mashuka,” alisema. “Jumatatu njoo kama kawaida.”

Siku hiyo saa kumi kikombe cha bati kilikuwa mezani. Mjomba Spana alitangaza kwamba matambara yake sasa anayafua kwa maji ya moto na kuyatumia tena, na kwamba Jumapili vijana wa gereji wanazibua mtaro. “Lakini habari za barafu bado sijakubali,” aliongeza, akimkonyeza Chiriku.

“Mjomba!”

Mama alikuwa akipiga pasi. Aliisimamisha pembeni, akawatazama wote wawili.

“Nyinyi mnashindana bure,” alisema. “Wewe, kaka, unaona mtaro ulioko mlangoni na hutaki kuinua macho. Wewe, mwanangu, ulikuwa unatazama juu mpaka hukuuona moshi wa mkononi mwako. Lakini anga ni moja. Moshi wa uani kwetu hauishii uani, ukikutana na wa wenzetu ndio huo wataalamu wanaoupima. Kuogopa peke yake hakufagii uwanja, na kubisha hakufagii pia. Mtu achukue ufagio, na akikosea, aseme ‘ni mimi’ kabla mwenzake hajaumia. Sasa makaa yanapoa, nani ananiletea mengine?”

Chiriku alikuwa ameshanyanyuka kulifuata kopo. Alichukua maranda, akapanga mkaa, akawasha kiberiti kimoja. Juu yake mashuka ya zahanati yalipepea kwenye kamba zote nne, meupe, na ng'ambo ya ukuta Mjomba Spana alikuwa amemaliza chai na kurudi kazini, anapiga mluzi.