Mshono Uliopinda kwenye Koti la Fundi

Wosia wa fundi ulitoweka Jumamosi asubuhi kutoka kwenye droo ya cherehani, vikabaki mkasi na chaki.

Inspekta aliinama akakagua kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mke wangu," alisema fundi cherehani. "Afande, kesho nalazwa, keshokutwa napasuliwa tumbo. Nikifa bila ile karatasi, kaka yangu atamtoa mama huyu humu ndani kabla matanga hayajaanuliwa."

"Si uandike nyingine, mzee?"

"Nguo moja sikati mara mbili. Ile nimeipima wiki tatu."

Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amekunja nne.

"Ulisema nyumba hii ni ya ukoo?"

"Nilisema, na nitasema tena."

"Wosia umeuchukua wewe?"

"Nichukue kwa ufunguo gani? Jana nimeshinda hapa nikimbembeleza anisomee tu, nijue kama nimo. Kanipa chai."

"Ulikuwemo?"

"Chai ilikuwa haina sukari. Jibu nililipata."

Mke wa fundi alicheka, kisha akajishika mdomo. Inspekta aliliona hilo. Aliliona pia koti la kwenda hospitali, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Koti hili kashona nani?"

"Mimi," alisema fundi.

"Na bitana yake ya ndani?"

Fundi alivaa miwani. Akaupitisha mshono vidoleni, uso ukamkunjamana kama aliyetukaniwa mama yake.

"Huu si mshono, afande. Hapa kapita konokono."

Inspekta alifumua nyuzi. Karatasi ikachomoza, imekunjwa mara nne.

"Mama," alisema taratibu, "nani mwingine nyumba hii anashika sindano?"

Mke aliitua birika.

"Ni mimi. Miaka thelathini na moja naishi na fundi, na kishikizo tu kinanishinda."

"Umeusoma?"

"Sijausoma."

Inspekta alikunjua karatasi, akaipitia. "Nyumba kakuachia wewe. Sasa umeuficha kwa nini?"

Alimtazama mumewe, si inspekta.

"Huyu hajawahi kulala na nguo ya mtu ikiwa nusu. Hata akiwa na homa, atamalizia pindo. Nikaona akienda hospitali kila kitu kimekamilika, kimesainiwa na kukunjwa, hatakuwa na sababu ya kurudi."

Kaka mtu alikunjua miguu, akatazama sakafu.

"Afande," alisema fundi, "mashtaka sina. Karatasi ifike kwa wakili leo hii."

Inspekta aliitia kwenye bahasha. Mke akavuta sindano kutoka kwenye kitambaa, aifunge ile bitana iliyofumuliwa. Fundi akamnyang'anya sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa koti, uzi ukining'inia.

"Usiiguse," alisema. "Hiyo nitaishona mwenyewe, nikirudi."