Wifi Ataka Kusukwa

Msusi alikuwa amejifungia chumbani, pazia limeshushwa. Uani wanawake walisukana na kucheka. Zamani yeye ndiye aliyesuka mtaa mzima, na mdomo wake haukukauka maneno.

Kisha mguu wake wa kulia ukavimba, ngozi ikawa ngumu. Sasa, anayesukwa hukaa chini, katikati ya magoti ya msusi. Siku moja mteja aliuona mguu ule karibu na shavu lake, akasogea pembeni. Msusi akaacha kazi.

Mumewe alifanya kazi mbali. Nyumbani alibaki na wifi yake. Wifi alimletea chakula, akakiweka mlangoni, akaondoka.

"Ananionea kinyaa," Msusi aliwaza. Alikula peke yake, akabakiza nusu sahani.

Asubuhi moja mhudumu wa afya alikuja. Aliutazama mguu bila kukunja uso.

"Dada, haya ni matende. Yanaenezwa na mbu, si kwa kugusana wala kula pamoja. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni. Ukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Ukikaa, uinue. Dawa utapewa kituoni, ukishapimwa."

"Sawa."

"Na moyoni, unaendeleaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Msusi alilia.

"Kuna siku natamani kusikuche."

"Pole sana. Umefanya vizuri kusema. Huzuni hiyo nayo inatibika. Twende kituoni leo, tukamwone mshauri. Usibaki peke yako."

Wifi alikuwa mlangoni na sahani. Alisikia yote.

"Kumbe! Mimi nilidhani hutaki kuonwa, ndiyo maana nakuachia chakula hapa."

"Nami nilidhani unanionea kinyaa."

"Kinyaa? Mimi niliyevumilia kukoroma kwako miaka yote?"

Msusi alicheka huku machozi yakimtoka.

Alianza kwenda kituoni. Wifi alimsaidia kuosha mguu, na wakala sahani moja. Uvimbe ulipungua kidogo, maumivu pia. Huzuni haikuisha mara moja, lakini sasa alikuwa na wa kumwambia.

Jioni moja wifi alitandika mkeka uani, majirani wote wakiona. Alikaa katikati ya magoti ya Msusi, akaegemeza shavu kwenye mguu ule.

"Nisuke, wifi. Na usinivute kama mbuzi."

Vidole vya Msusi viliikumbuka kazi. Kabla hajamaliza, yule mteja wa siku ile alikuja. Akavua kitambaa kichwani, akauliza nani anafuata.