Mlinzi wa Lango

Kinyozi alifunga duka jua likizama, akaenda kununua nyembe za kesho. Hilo tu ndilo lililomtoa.

Nyumbani alisubiriwa na mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Huyo hakuacha kumcheka kwa ugonjwa wake wa kukusanya kadi za mchezo wa mazimwi na mashujaa. Wakusanyaji wengine waliwinda kadi adimu. Kinyozi, kichwa kigumu, alitaka zile za kawaida kabisa, ambazo watu hutupa, ila kila moja awe nayo katika toleo lake la kung'aa. Alikuwa nazo zote isipokuwa Mlinzi wa Lango.

Kwenye ngazi za duka la nyembe alikaa mwanamke mgeni, kadi moja mapajani.

Mlinzi wa Lango. Inang'aa!

Hewa ilinuka nywele zilizoungua...

"Tubadilishane," mwanamke alinong'ona.

"Unataka nini, mama?"

Mwanamke aliokota unywele kwenye bega la kinyozi. "Wa nani huu?"

"Wa mdogo wangu. Nimemnyoa leo."

"Unatosha." Akampa kadi. "Usiikunje."

Kinyozi alicheka kimoyomoyo. Wauza kadi feki wote husema hivyo hivyo, maana kadi halisi ukiikunja mpaka ncha zikaribiane, ukiiachia hunyooka yenyewe. Feki hubaki na mkunjo. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Alikimbia nyumbani, nyembe kazisahau.

Mdogo wake alikuwa mezani anatengeneza redio.

"Umeleta takataka nyingine, kaka?"

"Hii ndiyo ya mwisho. Ngoja niijaribu."

Akaikunja.

Ka!

Sauti haikutoka kwenye kadi. Mdogo wake alipinda kinyumenyume pale kitini, kisogo kikishuka kuelekea visigino, mgongo ukilia kama kuni kavu. Damu ilimruka puani. Kinyozi akaiachia kadi kwa hofu, nayo ikanyooka... na kijana akarushwa mbele, uso ukapasukia kwenye redio. Meno yalitawanyika mezani.

Kadi ilikuwa halisi.

"Kaka... umefanya nini?"

Kijana alikuwa sakafuni, anakoroma damu. Kinyozi aliitazama kadi. Chini ya kofia ya chuma, Mlinzi alikuwa na uso wa mdogo wake, mdomo wazi, hauna meno.

Ndipo mvua ikaanza kugonga bati.

Kila mkusanyaji anajua kwamba unyevu ukiingia, kadi ya kung'aa hujipinda yenyewe. Ndiyo maana zake zote alizilaza chini ya kitabu kizito. Mkono ulifuata mazoea kabla akili haijafika: akaiweka kadi mezani, akashusha kitabu juu yake.

Mbavu zilivunjika moja baada ya nyingine. Mdogo wake alipiga yowe ambalo hata mvua haikulifunika.

Akakitupa kitabu ukutani. Akaishika kadi katikati ya viganja viwili, taratibu, anavyoshikwa kifaranga.

"Nisamehe. Siachii. Naapa siachii."

Nje mvua ilizidi. Harufu ya nywele zilizoungua ilipenya chini ya mlango, ikasimama hapo. Kinyozi hakuthubutu kugeuka. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho, na ndani yake kitu chembamba kilianza kujiinua ncha.

"Kaka," mdogo wake alinong'ona. "Mgongo..."