Swali la Daktari Dagný

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kupanda farasi, Daktari Dagný aliwatoa watu wote nje ya kibanda walimolala na kuwakagua miguu. Wanaume wazima wenye ndevu zao walivua viatu na soksi kwenye baridi ile, naye akapita akiinama kutafuta lengelenge, ngozi iliyobabuka, au kidole kilichoanza kufa ganzi. Kisha alimwuliza kila mmoja kama amelala, kama amekunywa maji, na kama kuna mahali panapomwuma. Wengine walimcheka, wakasema anawakagua kama mtu anayenunua farasi. Dagný hakujali. Lengelenge ambalo mjini ni kero tu, kule milimani, mbali na barabara, laweza kumlaza mtu mzima.

Ylfa, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpenda tangu siku ya kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kukusanya kondoo. Kondoo wa bonde lao huachwa milimani majira yote ya joto wajilishe wenyewe, na ifikapo Septemba, kabla theluji haijashuka, watu hupanda na farasi na mbwa kwenda kuwarudisha. Mkuu wa msafara alikuwa Mjomba Broddi, kaka wa mama yake Ylfa, mtu wa maneno machache aliyezoea kutiiwa. Nyuma yao lilifuata gari kubwa la magurudumu mapana, lililobeba vyakula na mizigo.

Dagný alikuwa amesomea kutibu watu walioumia mbali na hospitali, iwe barafuni, mtoni au majabalini. Baadhi ya majuma alifanya kazi katika zahanati ya bondeni, na mengine alitoka na waokoaji kumtafuta mpanda mlima aliyeteleza au msafiri aliyepotea. Ylfa alipanda karibu naye na kumchosha kwa maswali. Dagný alimwonyesha jinsi godoro jembamba la kulalia linavyoweza kufungwa kwenye mguu uliovunjika, na jinsi ya kumvua nguo mbichi mtu anayetetemeka kwa baridi kabla ya kumfunika blanketi.

Siku ya tatu ukungu ulishuka mzito. Broddi alimtuma Ylfa pamoja na mwanawe, Narfi, kuwashusha kondoo wachache waliobaki nyuma ya kilima kidogo. Narfi alikuwa na miaka kumi na minne na mdomo usiotulia. Njia nzima alimtania binamu yake kwamba amekaa juu ya farasi kama nguo iliyoanikwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameivua kofia yake ngumu tangu asubuhi na kuitundika kwenye tandiko, kwa sababu wanaume wote walivaa kofia za sufu, na ile ngumu ilimfanya aonekane mtoto.

Kwenye mteremko wa mawe farasi wake alijikwaa. Narfi alirushwa, akaanguka kwa ubavu, na kichwa chake kikagonga jiwe. Ylfa alimwita. Hakujibu. Aliruka kutoka kwenye farasi wake, akamkimbilia, akapiga magoti na kumwita tena, na bado kijana alilala kimya, macho nusu wazi. Kisha ghafla akakohoa, akainuka, akajifuta matope na kucheka.

"Usimwambie mtu," alisema. "Baba atanipakia kwenye gari pamoja na viazi. Watu wote wa bondeni watakuja zizini kutupokea na kondoo, nami nishuke garini kama mgonjwa? Niapie, Ylfa."

Alikuwa anasimama vizuri na kuongea vizuri. Ylfa akaapa.

Waliporudi kibandani, mchuzi wa kondoo ulikuwa umeiva. Watu walipokuwa wakila, Dagný aliuliza kama kawaida yake kama kuna aliyeanguka siku hiyo. Narfi alisema hapana upesi, hata kabla wengine hawajafungua midomo. Jicho la daktari likahamia kwa Ylfa, na Ylfa akainamia bakuli lake. Aliukoroga mchuzi bila kuula.

Narfi naye hakula. Alisema kichwa kinamwuma kwa sababu ya upepo, akaenda kujilaza. Baadaye kidogo Ylfa alimkuta nyuma ya kibanda akitapika. Alipomwuliza kama amepata nafuu, Narfi alimtazama kwa macho mazito, akamwita kwa jina la farasi wake. Ylfa alidhani ni utani. Lakini hakuona kicheko usoni pake.

Alisimama pale akivutwa huku na huku. Kiapo ni kiapo, na Narfi hatamsamehe. Lakini je, kama hatapona? Miguu yake ndiyo iliyoamua. Alimkuta Dagný akitoa mwiba kwenye unyayo wa mbwa.

"Daktari, Narfi alianguka. Kichwa kiligonga jiwe."

Dagný hakuuliza kwa nini hakusema mapema. "Alizimia?"

"Ndiyo. Nilimwita, nikashuka kwenye farasi, nikamfikia, bado hajajibu. Halafu akaamka kama hakuna lililotokea. Sasa ametapika, na ananiita jina la farasi."

Daktari aliinuka papo hapo. Alimlaza Narfi, akamshika kichwa na shingo visitikisike, akammulika macho kwa tochi, akamwambia abane vidole vyake kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Broddi alikuja, akasema yeye mwenyewe ameanguka mara nyingi maishani, kijana aachwe alale, ataamka mzima.

"Broddi," alisema Dagný bila kuinua sauti, "kwa mambo ya kondoo nakusikiliza wewe. Kwa hili nisikilize mimi. Huenda damu inavuja ndani ya fuvu. Mtu huamka, akaonekana mzima, kumbe inamjaa polepole na kubana ubongo. Tukimwacha alale hivi hivi, anaweza asiamke. Wakati bado tunao, lakini si wa kuchezea."

Broddi akaenda kuwasha gari.

Helikopta isingeweza kutua kwenye ukungu ule. Kwa redio, Dagný alipatana na waokoaji wakutane chini, kwenye uwanda wa kokoto kando ya mto, mahali ambapo ukungu ulikuwa haujafika. Ndani ya gari, sehemu ya nyuma, walitandika blanketi za farasi, wakamlaza Narfi kichwa kikiwa juu kidogo. Dagný alikishikilia kwa mikono miwili njia nzima, magoti yake yakigongwa na kila jiwe. Ylfa alipewa kazi ya kumwongelesha mgonjwa na kusema mara moja majibu yakianza kupotea.

"Mbea wewe," Narfi alimnong'oneza.

Machozi yalimtoka Ylfa, lakini aliendelea kumwuliza majina ya mbwa wote wa bondeni, mmoja mmoja. Majibu yalikuja yakiburuta miguu, lakini yalikuja. Karibu na mto ukungu ukachanika, na helikopta ilikuwa tayari inashuka. Dagný aliondoka na Narfi. Broddi alibaki kwenye kokoto, kofia mkononi, akitazama angani hata baada ya mlio kupotea.

Usiku ule, wakiwa wamerudi kibandani, redio ikaita. Madaktari walikuwa wameitoa damu iliyojikusanya, na Narfi angepona. Broddi alishukuru mara moja, kisha mara ya pili, kisha akageuka na kuficha uso wake kwenye shingo ya farasi.

Narfi aliporudi nyumbani, akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa, wazazi wake waliwaalika Dagný na Ylfa kula nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Mama yake Narfi alimpa daktari sweta aliyoifuma mwenyewe, akashindwa kumaliza maneno ya shukrani. Dagný aliipokea kwa mikono miwili, akasema inampasa Ylfa apate walau mkono mmoja wa sweta hiyo. Narfi akamwomba binamu yake radhi kwa lile neno la garini, akiwa ameinamia sahani, masikio yamemwiva.

"Lakini niliapa, nikavunja," alisema Ylfa. "Na nilichelewa."

"Ulichelewa, na safari nyingine usichelewe," Dagný alimjibu. "Hospitali wana mashine inayoona ndani ya kichwa cha mtu. Mimi mlimani nina macho yangu, mikono yangu, na yale mnayoniambia. Mkinificha, mmenifunga macho. Siri ya furaha itunze, mwanangu. Siri ya jeraha mpelekee mtu mzima mbio, hata kama umeapa. Rafiki yako akikukasirikia, mshukuru Mungu kwamba yuko hai wa kukasirika."

Broddi alitikisa kichwa kukubali, akamjazia Ylfa sahani mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Upande wa pili wa meza Narfi alikuwa ameanza kulalamika kwamba wanamlisha kama mgonjwa, na mama yake akimjibu kwamba yeye ni mgonjwa, ale anyamaze. Mjomba akaingilia, Narfi akabisha, na mbwa wakaanza kubweka. Ylfa alikula akiwasikiliza, na kwake kelele zile zilikuwa tamu kuliko nyama.