Nusu ya Baruti

Enzi hizo, kabla bendera ya mgeni haijapandishwa popote barani, nchi tatu ziliishi zikiviziana kandokando ya njia kuu ya misafara. Utobola ilikuwa na bunduki. Ubagile ilikuwa na mikuki isiyohesabika. Ulimbwa, nchi ndogo iliyobanwa katikati, ilikuwa na visima tu, ila misafara yote ililazimika kunywa hapo. Miaka ikapita bila vita, kwani yeyote ambaye angemvamia jirani mmoja angempa yule wa pili nafasi ya kumrukia mgongoni.

Kisha, ng'ambo ya bahari, mataifa ya Wazungu yakamaliza vita vyao na kubadilisha silaha. Magobori yao makuukuu yakauzwa pwani, na kutoka pwani yakapanda bara mabegani mwa wapagazi, yakabadilishwa kwa pembe za ndovu. Walimbwa hawakuwahi kumwona Mzungu hata mmoja, lakini vita vya watu wasiowajua vikawafikia mlangoni. Mwaka huo Mtemi Lusangija wa Utobola alipokea bunduki mia mbili na vipipa arobaini vya baruti, akaapa kwamba mvua zikikatika atavitwaa visima vya Ulimbwa. Ulimbwa ilikuwa na bunduki sitini, na baruti isiyotosha hata asubuhi moja ya vita.

Mvua zilipokaribia kukatika, mama mzazi wa Lusangija akafariki.

Habari zilimkuta Kalunde juu ya ukuta wa boma la Ulimbwa. Alikuwa dada wa Mtemi Igulu na amiri wa jeshi lake, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Akashuka, akavua mkanda wake wa risasi, akajitanda kaniki.

"Unakwenda wapi?" kaka yake akauliza.

"Kuzika. Mimi si mtani wao?"

"Watakuua, Kalunde!"

"Mtani hauawi msibani, kaka. Hata Lusangija hajawa mwendawazimu kiasi hicho."

Alisema kweli. Walimbwa na Watobola walikuwa watani tangu mababu: walitukanana pasipo kukasirikiana, na walizikana. Maziko bila mtani yalihesabiwa kuwa ni kumtupa maiti. Tena mtani alikuwa na haki ya kushuka kaburini kabla ya maiti, akalala humo, asitoke mpaka apewe alichotaka. Kwa kawaida alitaka kuku. Mwenye tamaa alitaka mbuzi.

Kalunde aliingia Utobola saa za asubuhi, akijikokota huku ameshika kiuno, vile vile alivyotembea marehemu. Waliokuwa wakilia wakacheka, machozi yangali yakiwatiririka. Naye alicheka nao, ingawa moyo ulimuuma kwelikweli. Yule bibi alimpenda. Kila walipokutana alimwita mwizi wake wa kuku.

Kisha akashuka kaburini, akalala chali.

Lusangija alikuja mwenyewe ukingoni, amevaa joho jekundu la pwani, nyuma yake wapiganaji wake wenye bunduki mpya. Alitaka kuzika upesi, maana vita vilikuwa vikimngoja.

"Toka, nyani wa visimani!" akasema. "Taja utakacho. Chochote! Leo Utobola ina kila kitu, ila najua Mlimbwa hajui kuomba zaidi ya mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Lo! Mdomo uliponza kichwa.

"Umesikika, mtani," Kalunde akajibu kutoka chini. "Nataka vipipa ishirini vya baruti."

Kicheko kikakatika. Mkuu wa wapiganaji akamwelekezea bunduki. Kalunde aliuona mdomo wa ile bunduki, mweusi, umetulia juu ya kifua chake. Aliogopa, tena sana, lakini hakuinuka.

"Piga," akasema. "Kisha umweleze bibi kwa nini umemwagia damu kitanda chake."

Wanawake wakapiga ukelele wa kukataza. Mjomba wa Mtemi, mzee mkali, akaishusha ile bunduki kwa mkono wake. "Ndugu yangu hatalala juu ya damu ya mtani," akasema. "Mkiua, mzikeni wenyewe."

Jua likapanda. Maiti, iliyoviringwa katika ngozi ya ng'ombe mweusi, ilikuwa ikingoja chini ya jua hilo. Mwishowe Lusangija akachuchumaa ukingoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanamke, fikiri. Nikiishiwa baruti, Wabagile watanivamia kabla ya mwezi kuandama."

"Nimefikiri, ndiyo maana sikuomba yote. Ukiwa nayo yote, utatumeza sisi. Ukikosa yote, Wabagile watakumeza wewe, kisha sisi tuwe kitoweo. Nusu yako, nusu yetu. Hapo kila mtu atalala kwake."

"Na nikikuacha humo mpaka ufe kwa kiu?"

"Sisi watu wa visima tunaijua kiu. Wewe je, utaweza kumwangalia mama yako akikaa juani siku tatu?"

Hakuweza. Alikuwa mtemi mkubwa, lakini alikuwa mwana pia. Akainuka akiwa amefunika uso kwa joho, akaamuru vipipa vihesabiwe mbele ya watu wote. Kalunde alipoanza kutoka, mwili mzima umejaa udongo, alimnyooshea Lusangija mkono amvute juu. Lusangija hakuupokea.

"Baruti umepata," akasema. "Ila kuanzia leo mimi si mtani wako, wala watu wangu si watani wa watu wako. Mlimbwa akifa, azikwe na wake."

Kalunde akashika ukingo wa kaburi, akapanda mwenyewe.

Ulimbwa haikupigwa mwaka ule, wala miaka kumi na mmoja iliyofuata. Kila nchi ilizichungulia silaha za mwenzake, ikabaki nyumbani. Wasimulizi wameihifadhi hesabu ya vipipa ishirini, nao huisema kwa majivuno. Ila jioni ile ya maziko, msafara wa wapagazi wenye vipipa ulipoingia bomani na watu wakishangilia, Mtemi Igulu alimkuta dada yake ameketi peke yake kisimani, hajanawa hata mikono.

"Tumepona, Kalunde! Mbona unalia?"

"Nimezika wawili leo, kaka," akasema. Kisha akajipangusa uso, akainuka, akaenda kuwaonyesha mafundi ni wapi ukuta wa upande wa Utobola uongezwe kimo, na wapi litiwe lango. Upande huo, tangu enzi za mababu, njia ya watani ilikuwa haijawahi kuwa na lango la kufungwa.